Sikio la Upande wa Dereva

Mama Klachi alifundisha watu kuendesha magari kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpata mwanafunzi aliyemridhisha. Kwake wanafunzi walikuwa wa namna mbili tu: wanaoliogopa gari, na wale ambao gari lenyewe, lingekuwa na akili, lingewaogopa. Jina hilo walimpa wao, kwa sababu ya neno alilolirudia kutwa: "Klachi! Klachi! Nimesema klachi! Huo mguu umeuazima kwa nani?" Mwanzoni walimwita hivyo kwa siri. Alipolijua, alilifikiria kidogo, akaona si baya kuliko majina aliyokuwa akiwapa wao moyoni.

Gari lake lilikuwa dogo, jeupe la kuchoka, lenye kibao cha L juu ya paa. Upande wa mwalimu lilikuwa na breki yake na klachi yake. Mwanafunzi alikaa kulia kwenye usukani, Mama Klachi kushoto, mikono imekunjwa kifuani na kidevu kimeinuliwa kama mtu anayenusa kitu kilichoharibika. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, ingawa kwa muda mrefu kila mtu alilijua isipokuwa yeye. Sikio lake la kulia, lile lililoelekea kwa mwanafunzi, lilikuwa limekwisha.

Lilikuwa limekufa polepole, kama duka linalofilisika: leo rafu moja tupu, kesho nyingine, na mwenye duka bado amesimama mlangoni akijifanya biashara ipo. La kushoto nalo lilikuwa likisuasua, ila bado lilifanya kazi ya kubabaisha. Kwa hiyo aliyapokea mambo yote kwa sikio la kushoto. Wauza maji wa dirishani aliwasikia vizuri. Mwanafunzi aliyekuwa amebeba roho za watu wawili mikononi mwake, huyo hakumsikia.

Lakini yeye alikuwa na maelezo yake. Watu wa siku hizi hawajui kuongea. Watangazaji wa habari wanakula maneno. Madaktari wanaongea na makaratasi yao. Vijana wanaongea na vifua vyao. Dada yake alikuwa akipiga simu na kunong'ona kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. "Fungua mdomo!" Mama Klachi alikuwa akiwaambia wote. "Mdomo haukuwekwa usoni kwa mapambo!" Hakujiuliza hata mara moja inakuwaje ulimwengu mzima upate kigugumizi kwa pamoja, abaki yeye peke yake.

Pale asipoelewa alisema "ndiyo". Neno hilo lilimfaa mahali pengi. Watu wanapenda kukubaliwa, na wengi wao, alivyoamini, hawakuwa na la maana la kupingwa. Wakicheka alicheka. Wakinyamaza wakimtazama, alitikisa kichwa kwa huzuni, na mara nyingi hilo nalo lilitosha.

Nyumbani hali ilikuwa shwari zaidi, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa maneno. Mzee huyo alikuwa mkutubi wa chuo mpaka alipostaafu. Kazi yake yote ilikuwa kuwaambia watu wanyamaze, na ilielekea naye alijiambia. Mezani alikaa kulia kwa mkewe, karibu na dirisha, kiti alichokichagua walipohamia nyumba ile. Alikula huku ameinamia sahani. Midomo yake wakati mwingine ilichezacheza, na Mama Klachi aliamini ni meno ya bandia yanamsumbua.

*

Aliyemwangusha alikuwa mhasibu mmoja mpole, mwenye sauti kama ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Mama Klachi alimdharau tangu siku ya kwanza, alipomwona anaufuta usukani kwa leso kabla ya kuushika.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekata kona kuingia barabara ya maduka, wakakuta lori limesimama mbele yao likishusha mizigo. Mhasibu akasimama nyuma yake. Indiketa aliyoiwasha kwenye kona ilikuwa bado inapepesa kwenye dashibodi. Ilipaswa pia kulia tik-tik, lakini Mama Klachi hakuwa ameisikia indiketa kwa muda mrefu. Aliamini magari ya siku hizi hayalii.

Mhasibu akauliza, "Nipite?"

Kilichofika kwa Mama Klachi ni irabu tu, i na i na e, kama mifupa ya samaki iliyobaki sahanini. Minofu akaijaza mwenyewe. Akaitazama ile taa inayopepesa, akajua ameulizwa, "Nizime?"

"Ndiyo!" akamkaripia. "Unangoja nini? Mpaka uletewe kadi ya mwaliko?"

Mhasibu, ambaye maishani hakuwahi kumbishia mwanamke mwenye miwani, akatia gia akalizunguka lori. Basi lilikuwa linakuja mbele yao. Badala ya kurudi nyuma ya lori, akauzungusha usukani upande ambao basi halikuwepo, akavuka barabara nzima, akapanda ukingo na kuingia kwa muuza fanicha aliyekuwa amepanga bidhaa zake nje. Mama Klachi alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kitu cha mwisho alichokiona kabla ya mgongano kilikuwa kabati lenye kioo kirefu, na ndani ya kioo hicho yeye mwenyewe, akija kwa kasi, mdomo wazi.

Hakuna aliyeumia. Kabati lilivunjika, taa ya gari ikavunjika, na kochi moja likapata alama ya tairi. Umati ukakusanyika haraka, kama kawaida ya watu wasio na kazi.

"Nilikuuliza nipite, Mwalimu," mhasibu alisema. "Ukasema ndiyo."

"Uliniuliza uzime!"

"Nizime nini?"

"Indiketa! Si ilikuwa inawaka mbele ya pua yako!"

Mpakuzi mmoja wa lile lori, mtu aliyekuwa amebeba gunia begani na hakuwa hata na haja ya kuingilia, akasogea. "Mama, hata mimi nilimsikia. Dirisha lilikuwa wazi. Kasema nipite."

Mama Klachi alimtazama mtu yule kuanzia viatu hadi gunia. Mtu aliyesimama nje, chini ya mzigo, kando ya injini inayonguruma, alikuwa amesikia kile ambacho yeye, ndani ya gari, karibu kabisa na mdomo wa msemaji, hakukisikia.

Mwenye shule alikuja akiwa amevaa tai. Alikuwa mdogo wa mumewe, na kwa hiyo shemeji yake, mtu mwenye tumbo la mbele na akili ya nyuma, aliyejipachika jina la Mkurugenzi na kusisitiza hata ndugu zake wamwite hivyo.

"Shemeji," alisema, "mimi kama Mkurugenzi..."

"Wewe kama mdogo wa mume wangu," Mama Klachi alimkatiza, "sema unalotaka kusema."

Alitaka kusema kwamba mwanamke huyu asiguse tena gari mpaka akapimwe masikio. Kwa wakati huo angefundisha alama za barabarani darasani. Alisema hayo upande wa kulia, na ilimbidi ayarudie yote upande wa kushoto, mbele ya umati, jambo ambalo halikumsaidia Mama Klachi katika hoja yake.

*

Darasani ilikuwa jehanamu. Wanafunzi walikaa wametawanyika na kuuliza maswali wakitazama meza. Mmoja alimuuliza juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, naye akamjibu kwa kirefu juu ya maegesho. Wakatazamana. Mama Klachi aliyaona macho yale, na kama kulikuwa na kitu alichokichukia kuliko upumbavu wa watu, kilikuwa ni huruma yao. Jioni hiyo alimpigia simu binti yake, mfamasia mwenye tabia ya kutaka kila kitu kipimwe.

"Haya," alimwambia. "Nipeleke kwa huyo mtu wako wa masikio. Lakini usinishike mkono."

Mtu wa masikio alikuwa kijana mwenye kola safi. Alimketisha ndani ya kijumba kama friji kubwa, akamvisha vifaa vya masikioni, akampa kitufe. Kila akisikia mlio abonyeze. Mama Klachi alibonyeza mara nyingi. Alibonyeza hata pale alipoona tu kwamba muda umepita na heshima yake inahitaji kubonyeza.

"Mama," kijana alisema baadaye, "umebonyeza hata mahali ambapo sikupiga mlio wowote."

"Basi mashine yako inachelewa."

Binti yake aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kijana alimwonyesha mchoro wenye mistari miwili, mmoja ukishuka taratibu na mwingine ukiporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini. "La kushoto limepungua. La kulia limepungua sana. Masikio yako hayalingani, na ndiyo maana hujui sauti inatokea wapi. Kwako kila kitu kinatokea kushoto."

"Hata miguu yangu hailingani, na viatu navaa."

"Ndiyo, mama. Na haya tutayavisha."

Akaeleza kwamba atapata vifaa viwili, kila kimoja kimepangwa kwa sikio lake. Akaeleza kwamba ubongo umezoea ukimya, kwa hiyo mwanzoni kila kitu kitakuwa kikali na cha ajabu. Avae kila siku, aanzie nyumbani kwenye utulivu, asivivue kwa sababu tu vinaudhi. La kulia halitarudi kuwa sikio zima. Litasaidia tu. Mama Klachi alimsikiliza kwa dharau ya mtu anayeelezwa na muuzaji kwamba kiatu kinachobana kitaachia chenyewe.

Vifaa viliachia polepole kuliko kiatu chochote. Siku ya kwanza dunia ililia kama bati. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kama anaongea amevishwa ndoo, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kunyamaza. Mfuko wa plastiki ulitatarika kama moto wa makuti. Vijiko vilipiga kelele kwenye sinki. Friji jikoni lilikuwa likiguna kama mzee anayetafuta sababu ya ugomvi, na alipomuuliza mumewe limeanza lini kuharibika, akajibiwa kwa ishara ya mkono kwamba limekuwa hivyo siku zote.

"Mama, unawasikia ndege?" binti yake alimuuliza dirishani, macho yakimng'aa kwa machozi ya maandalizi.

"Nawasikia. Wanarudia kitu kilekile. Hawana jipya."

Watu ndio waliokuwa mtihani mkubwa zaidi. Walipoviona vifaa, walianza kumwongelea kwa kupanua midomo hadi fizi, kama wanamfundisha mtoto kutapika. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke asiyejua kukaa na jambo lisilomhusu, alimkuta na binti yake kwenye ngazi akamuuliza binti, "Siku hizi mama anasikia?"

"Anasikia," Mama Klachi alijibu mwenyewe. "Na laiti ungejua alivyokuwa na amani kabla."

Kifaa cha kulia kilikuwa na ushenzi wake. Akikumbatiwa kilipiga mluzi. Akivaa kitambaa kichwani kilipiga mluzi. Dukani, penye watu wengi, kilimwagia kelele zote kwa pamoja, za mikokoteni na watoto na feni, bila kumchagulia ipi ni ipi. Alikivua mara kadhaa na kukitupa kwenye droo pamoja na funguo zisizo na makufuli. Kila mara alikaa na sikio moja kidogo, akaona ukuta umerudi upande wa kulia, ukuta ambao awali hakujua ni ukuta, akakirudisha huku akikitukana.

Akarudi kwa kijana wa kola safi akiwa amejiandaa kwa vita. "Vijiko vyangu vinalia kama karakana," alimwambia. "Na watu bado wananong'ona. Umenipa kelele, hukunipa maneno."

Kijana hakubishana. Alimuuliza ni kelele zipi, wapi, upande gani. Akaunganisha vifaa na kompyuta, akapunguza hiki, akaongeza kile, akabadilisha kile kidude kinachoingia sikioni ili kifunge vizuri. Sauti ya binti yake, aliyekuwa amekaa kulia, ikajitokeza ghafla kutoka upande ambao binti alikuwepo kweli.

"Kumbe ulikuwa unajua la kufanya," Mama Klachi alisema kwa hasira, "ukaniacha nateseka?"

"Mama, mimi siwezi kusikia kwa masikio yako. Lazima uniambie."

Ilikuwa sentensi yenye akili, na ilimuudhi kwamba imetoka kwa mtu ambaye hata ndevu zake hazijajipanga.

*

Jumapili moja Mkurugenzi alikuja kula chakula cha mchana, kama alivyofanya kila alipokuwa na jambo la kujisifia. Alikaa mkabala na shemeji yake, akafungua kifungo cha chini cha shati, akaanza. Binti alikuwepo pia. Mzee alikuwa mahali pake kulia, ameinama.

"Uongozi ni kipaji," Mkurugenzi alisema. "Mimi, kwa mfano. Watu wananitazama tu, wananifuata."

"Wanataka kuona ataangukia wapi."

Mama Klachi alidhani ni redio. Akageuka kidogo. Redio ilikuwa imezimwa. Mzee alikuwa anatafuna, uso umetulia kama maji ya ndoo.

"Tangu utotoni," Mkurugenzi aliendelea, "nilikuwa naongoza. Kaka hapa ni shahidi. Si nilikuwa naongoza?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha, chini kwa chini, kwa sauti ya mtu aliyeishi miaka mingi kati ya rafu za vitabu: "Kwa kukojoa kitandani, hakuwa na mpinzani."

Mama Klachi aliangua kicheko. Hakikuwa kile kicheko chake cha kufuata wenzake. Hiki kilitoka tumboni bila kubisha hodi, chakula kikaenda njia isiyo yake, akakohoa hadi machozi. Binti akaruka kumpiga mgongoni. Mkurugenzi akatazama huku na huku.

"Shemeji, nimesema nini?"

Mama Klachi alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa ameganda, kijiko kimesimama katikati ya sahani na mdomo, rangi imemtoka usoni kama mwizi aliyewashiwa taa.

Wageni walipoondoka, alimfuata jikoni alikokuwa anaosha vyombo kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Tangu lini nini, Mama?"

"Usijitie hamnazo."

Mzee alifunga bomba. "Tangu ulipoacha kunijibu," alisema. "Mwanzoni nilikuwa nakwambia mambo ya kawaida. Ukawa unasema ndiyo, hata pale isipofaa. Nikaanza kujaribu. Nikasema mdogo wangu anafanana na puto, ukasema ndiyo. Basi nikazoea."

"Na mimi? Unanisema?"

"Wewe ndiye zaidi."

"Kama nini?"

Alisitasita, akatazama povu. "Juzi ulisema mtangazaji anakula maneno. Nikasema afadhali yeye anakula maneno, wewe unakula watu."

Mama Klachi alitaka kukasirika, na alikasirika kweli. Lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi: lilikuwa dongo zuri. Lilikuwa dongo ambalo yeye mwenyewe angejivunia kulirusha. Miaka yote hiyo alijihesabu kuwa mwanamke mwenye ulimi mkali aliyeolewa na stuli, kumbe pembeni yake, kwenye kiti cha dirishani, kulikuwa na ulimi wa pili, mkali kuliko wake, ukipiga makombora kutwa kwenye sikio lililokufa.

"Ulinisema hivyo mbele ya watoto?"

"Binti anasikia. Ndiyo maana huwa anainamisha kichwa."

"Mna laana nyote wawili." Akavuta kiti akakaa. "Na ni masihara tu, au kuna mengine uliyoniambia?"

Mzee alifuta mikono taratibu kwa taulo, kidole kimoja kimoja. "Yapo mengine. Siku mtoto wetu wa kiume alipohama, tulipokaa mezani wawili. Nilikwambia nyumba imekuwa kubwa ghafla, na kwamba sijui sasa nitaongea na nani."

"Nikasemaje?"

"Ulisema, 'Ndiyo, ipo kwenye friji.'"

Mama Klachi aligeuka akalitazama friji.

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda nikafungua friji. Sikujua la kufanya jingine."

Mama Klachi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Alikuwa na maneno mengi makali yaliyojipanga kama kawaida, lakini hayakuwa na mtu wa kumwendea. "Kwa nini hukurudia?"

"Nilirudia. Ukasema ndiyo."

"Kwa nini hukupiga kelele, mwanamume wewe?"

"Nipige kelele kwamba namkumbuka mtoto? Majirani wangefikiri tunagombana."

"Majirani!" alisema kwa dharau kubwa. "Kesho unahamia kiti cha kushoto. Huko sikio ni zima zaidi."

Mzee alilifikiria. "Kushoto sitaweza kusema ninachotaka."

Alibaki kulia. Lakini kuanzia asubuhi iliyofuata Mama Klachi alivaa kifaa cha kulia kabla hata ya kunywa chai. Yale ya droo yakaisha. Akiwa na chai yake, macho mbele, alikaa kama mtu aliyekaa jirani na redio nzuri, na ilipobidi alijibu mapigo. Binti alipokuja siku moja akawakuta wanachambana juu ya namna mzee anavyokata mkate, kwa sauti ya chini, bila kutazamana, alirudi mlangoni akajifanya amesahau kitu kwenye gari.

*

Kurudi barabarani hakukuwa rahisi. Mkurugenzi alisema kama Mkurugenzi ni lazima ajiridhishe. Mama Klachi akamwambia vizuri sana, ajiridhishe mwenyewe: akae kwenye usukani, aendeshe, azungumze kwa sauti yake ya kawaida, redio ikiwa imewashwa, na yeye atakaa mahali pa mwalimu.

Lilikuwa pendekezo ambalo Mkurugenzi hangeweza kulikataa mbele ya walimu wengine waliokuwa wanasikiliza kibarazani. Akaingia, akavuta kiti mbele, akakirudisha nyuma, akatafuta mahali pa kuliweka tumbo. Ilionekana mapema kwamba mwenye shule ya udereva hakuwa ameendesha gari la gia kwa muda mrefu.

"Klachi," Mama Klachi alisema gari liliporuka. "Kaka yako alisema ulikuwa unaongoza. Ongoza basi."

Waliingia barabarani. Mkurugenzi aliongea mfululizo, mengine kwa sauti, mengine kwa hila, akigeuza uso dirishani ili amnase. Baadhi Mama Klachi aliyapata. Mengine hayakufika, na hapo alisema, "Sijasikia, rudia," kwa sauti ya mtu anayemkaripia msemaji wala si anayeomba. Upepo wa dirishani ulimsumbua, akaamuru lifungwe. Redio ilimsumbua pia, akavumilia.

Kwenye makutano Mkurugenzi alipunguza mwendo, akatazama kushoto, akaona pako wazi, akaanza kuachia klachi. Alikuwa bado anasimulia. Ndipo honi ikalia, nyembamba na ya mbali, ya pikipiki. Kwa miaka mingi Mama Klachi alipoisikia honi aligeuka kushoto, kwa kuwa kwake kila honi ilitoka kushoto. Safari hii kichwa chake kiligeuka kulia bila kuulizwa. Akaiona inakuja nyuma ya gari lililoegeshwa, akakanyaga breki. Pikipiki ikapita mbele yao, dereva wake akiwarushia mkono na tusi moja lililosikika vizuri kabisa.

Mkurugenzi alikuwa ameushika usukani kama mtu anayening'inia dirishani. Jasho lilimtoka chini ya tai.

"Unaona?" alisema alipopata pumzi. "Pikipiki hizi hazina adabu."

"Hazina. Na wewe huna macho. Kulia hukutazama kabisa."

Mkurugenzi akawasha tena gari, akiguna chini ya masharubu. "Mwanamke ana mdomo kama msumeno."

"Nimesikia," alisema Mama Klachi. "Na indiketa yako bado inalia. Izime."

Alirudishwa kwenye gari lake wiki hiyo hiyo. Hakuna miujiza iliyotokea. Mvua ikipiga paa la gari, au wanafunzi wawili wakiongea kwa pamoja, bado alishindwa, na siku nyingine alirudi nyumbani kichwa kinamuuma kwa kazi ya kusikiliza, kazi ambayo wenzake waliifanya bure bila kujua kwamba ni kazi. Lakini kila mwanafunzi mpya alimtangazia kabla hajagusa funguo: "Sikio hili ni bovu, lile ni nusu. Sema kwa sauti na maneno kamili. Nikisema rudia, rudia. Ukinong'ona nakushusha hapo hapo, ukanong'one na miti." Baadhi walicheka. Wote walisema kwa sauti.

Jioni ya ile safari ya Mkurugenzi alimsimulia mumewe mezani tangu tumbo lilipotafutiwa mahali hadi pikipiki ilipopita, bila kumwachia mdogo mtu hata chembe ya heshima. Mzee alikula ameinamia sahani. Alipofika kwenye msumeno, midomo ya mzee ikacheza, na maneno yakatoka, ya chini, na kabla hayajaisha gari likapita nje.

"Rudia," Mama Klachi alisema, akimsogezea sikio. "Mwisho wake sikuupata."

Mzee akarudia.